Tulivyomfuata Mama Kwenye Dege la Makumbusho

Pale Msamvu, nyuma ya stendi, kuna mafundi wanaoshona siti za mabasi. Wanaichana siti kuukuu, wanalitoa sponji lililokuwa la njano likageuka rangi ya chai, wanalitupa juani. Sasa ile harufu yake, we acha tu. Jasho la watu wa mikoa yote, biskuti za watoto, matapishi ya mtu asiyezoea kona za barabara, na vumbi lililolala humo tangu fundi mwenyewe hajazaliwa. Mimi nikipita na beseni langu la samaki kichwani, ile harufu ikinipiga tu, miguu inagoma. Nasimama kama mbuzi aliyeona chatu. Mafundi wananicheka: "Mama Samaki, leo tena umekwama gia?" Nacheka nao. Nawaambia ndiyo, klachi imekwisha. Lakini mimi wakati huo sipo Msamvu. Nimo ndani ya dege, nina miaka sita, nimevaa gauni la Idi.

Nyie wa rika langu mnalikumbuka dege lenyewe. Lililetwa kutoka Dar vipandevipande, kwenye matrela, likapelekwa njia ya Dodoma kabla hujafika Dumila, kwenye ule uwanja waliouita makumbusho ya ndege. Siku lilipopita mjini, mji ulisimama. Akina mama waliacha ubwabwa uungue. Bawa moja peke yake lilikuwa na lori lake. Watu walisema kichwa kimeshafika Dumila mkia bado uko Chalinze, unanunua mahindi ya kuchoma. Nikiwasimulia wanangu nasema hivyohivyo, sipunguzi hata hindi moja. Ndege zenyewe za pale zilikuwa tatu: helikopta isiyo na panga, kindege cha kunyunyizia dawa mashamba ya miwa, kidogo kama panzi, na hilo lenyewe, ndege ya abiria iliyostaafu, imekaa kwenye nguzo za zege kama jogoo aliyeshindwa kushuka darini.

Tulikuwa tunaishi Mafiga, mimi na bibi. Bibi mzaa mama. Asili yetu ni juu milimani, Uluguruni, na kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mwenye sauti ya mwisho nyumbani alikuwa mjomba wangu, Mjomba Shomari, kaka wa mama. Alikuwa dereva wa Canter ya kubebea nyanya. Mama yangu aliitwa Zuhura. Aliondoka kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akaondoka alfajiri mimi nimelala, nikaamka nikaambiwa mama amepanda ndege. Kuanzia siku hiyo kila ndege iliyopita juu ya Mafiga niliipungia mkono mpaka bega likataka kuchomoka. Bibi alikuwa ananiambia, "We Hawa, utakuja kubaki na mkono mmoja, halafu ule na nini?"

Halafu siku moja nikarudi kucheza nikakuta nyumbani pamefungwa turubai. Mikeka imetandikwa mpaka barabarani, masufuria yamebandikwa, yale makubwa ambayo mtoto akidumbukia mnamtafuta kwa mwiko. Watu kibao, ndugu wa mlimani wote wameshuka. Mimi nikajua harusi. Nikawaza, nani anaolewa? Nikajijibu mwenyewe: mama. Mama amepata mwanamume huko Uarabuni, mwenye ngamia, na sisi tunamlia pilau huku. Nikawatangazia watoto wa jirani. Mmoja akaniuliza mbona bibi yako analia, nikamwambia analia kwa sababu hana viatu vya harusi.

Bibi alikuwa amekaa chini ameangalia ukuta, kanga imemfunika mpaka puani. Hali, hanywi. Ndipo akaingia Bi Chausiku.

Bi Chausiku alikuwa mtani wa ukoo wetu. Kwa asiyejua, mtani ndiye mwenye kazi kwenye msiba. Anachimba, anaosha, anapika, na anatukana. Anawatukana wafiwa, anamtukana marehemu, anaomba vitu, na haruhusiwi mtu kununa. Mambo ambayo ndugu hawezi kuyatamka mdomoni mwake, mtani anayatamka kama anauza karanga. Na Bi Chausiku alizaliwa kwa kazi hiyo. Mrefu kama mgomba, sauti yake ukiwa Mafiga unaisikia Kihonda.

Akasimama juu ya bibi, mikono kiunoni. "We kizee, kula! Ukifa na wewe leo, msiba wa pili nani ataupikia? Mimi nimekuja na gauni moja tu."

"Niache, Chausiku," bibi akasema chini ya kanga.

"Nikuache umekuwa mke wangu? Fungua domo. Lina meno mawili tu hilo, litachoka na nini?"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Nami nikacheka. Msiba wa pili! Wa kwanza uko wapi, hata sikujiuliza. Nilikuwa naangalia nyama. Wala hakuna aliyeniambia. Kwetu watoto hawaambiwi, wanapapaswa kichwa tu. Siku zile nilipapaswa mpaka nikahisi nitaota upara.

Ukubwani ndiyo nikasimuliwa. Simu ilipigwa kwa mjomba, mtu asiyejitaja akasema Zuhura amefariki na ameshazikwa hukohuko. Wengine wakasema presha. Wengine wakasema ameanguka kutoka ghorofani. Mpaka leo ukiniuliza, sijui.

Ustadhi alikuja, wakasali sala ya maiti asiyekuwepo, ikaisha. Lakini bibi akakataa kuondoa tanga. Alisema, "Hiyo ilikuwa ya Mungu, Mungu ameipokea. Bado ya kwetu." Maana kwetu mtu akifia mbali na mwili usirudi, hamuwezi kuachia hewani hivyo. Mnakwenda mahali alipokanyaga mara ya mwisho akiwa mikononi mwenu, mnachota ule udongo, mnaufunga sanda, mnauleta mlimani mnauzika kwenye makaburi ya ukoo. Mpaka hapo ndipo amerudi. Bila hivyo anazurura, hana pa kukaa, na nyie mliobaki hamlali.

Na kweli bibi alikuwa halali. Alikuwa anakonda unamuona, leo si kama jana. Ukimwita mara tatu anaitika mara moja. Ndugu walianza kunong'ona kwamba huyu naye anakwenda. Sasa tatizo likawa moja: Zuhura alikanyaga wapi mara ya mwisho? Uwanja wa ndege ni marumaru, unapigwa deki kila saa. Bibi alisema, "Mguu wake wa mwisho uliingia kwenye ndege. Na ndege imeruka. Nitaifagia vipi, niote mabawa?"

Siku hiyo mimi nilikuwa nyuma ya mlango nakwangua ukoko. Nikamsikia Mjomba Shomari anamwambia: "Mama, lile dege walilolileta njia ya Dodoma ndilo lilelile lililokuwa linapeleka watu Uarabuni. Limezeeka, limestaafishwa."

"Lilelile?"

"Lilelile, mama."

"Aliloingia Zuhura?"

Mjomba akakohoa. "Ndilo."

Nikauacha ukoko. Wallahi nikauacha, na mimi ukoko sijawahi kuuacha maishani. Ndege ya mama imerudi! Sasa ndege ikirudi, aliyepanda yuko wapi? Si yumo ndani! Kumbe hakuna mtu aliyekwenda kumpokea, amekaa tu anasubiri, maskini, na huko Dumila kulivyo na jua.

Asubuhi ya safari nilioga bila kukimbizwa. Nikavaa gauni la Idi, nikajipaka mafuta mpaka nzi akitua anateleza. Bibi alifunga kwenye kitenge kipande cha bafta nyeupe na fagio jipya la chelewa. Nikamuuliza fagio la nini. Akaniangalia muda mrefu kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akasema, "Tunakwenda kumchukua mama yako." Mimi kwisha habari yangu. Nilifurahi mpaka nikapata kwikwi.

Kwenye Canter tulikaa mbele watatu: mjomba kwenye usukani, bibi dirishani, mimi katikati. Bi Chausiku alipanda nyuma na matenga matupu ya nyanya, amejifunga kanga mbili. Kila tukipunguza mwendo anagonga kioo: "Shomari! Umenipakia kama nyanya masalo! Nikioza njiani utaniuza wapi?" Mjomba hakucheka. Na bibi alikuwa hasalimii mtu. Hiyo ni sheria: anayekwenda kumchukua marehemu haitikii salamu mpaka amfikishe. Tuliposimama kununua maji, watoto wakamwamkia, "Shikamoo bibi," akawaangalia kama miti. Mimi niliona aibu. Nikawa namwitikia mimi, kwa sauti nzito: "Marahaba, wajukuu." Nilikuwa na miaka sita.

Kwenye makumbusho tukapokelewa na kijana mmoja mwenye shati jeupe na tai, kazi yake kutembeza wageni.

"Shikamoo mama," akamwambia bibi.

Bibi akalitazama dege.

"Shikamoo mama," akarudia, akadhani bibi hasikii.

"Marahaba," Bi Chausiku akadakia. "Huyu ulimi ameuacha nyumbani, unalinda kuku. Tuonyeshe dege, mwanangu."

Kijana akaanza kutueleza habari za kindege cha dawa, kilivyokuwa kinapita juu ya miwa. Bibi akampita. Akalipita panzi lile, akaipita helikopta, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi ya chuma. Alikuwa na miguu mibovu, ngazi mbili tu za msikiti zilikuwa zinamshinda, lakini ile aliipanda kama anavutwa kamba. Mimi nikampita katikati ya ngazi.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri la mkate. Na ile harufu. Sponji la zamani, zulia, pumzi za watu walioshuka siku nyingi. Madirisha madogo kama vitobo vya banda la njiwa. Na siti, siti, siti, mpaka macho yakachoka. Na kwenye zile siti walikuwa wamekaa watu.

Nilijua! Nikasema moyoni, nilijua tu! Walikaa wametulia, wamefungwa mikanda, mmoja huku, wawili kule. Mwanamume wa suti. Dada mwenye kofia ya wahudumu, amesimama na sinia. Hakuna aliyegeuka. Nikawaza hawa wamechoka kusubiri, wamenuna. Nikapita katikati yao nakagua nyuso, huku naamkia kila siti: shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hakuna aliyeitikia, nikaona sawa, labda nao wana sheria kama ya bibi.

Karibu na mkia, dirishani, alikuwa amekaa mwanamke mwenye ushungi wa bluu. Ameangalia nje. Mama alikuwa na mchezo huo, akitaka kunitania anajifanya hanioni. Nikaenda nikakaa siti ya pembeni yake. Miguu yangu haikufika chini. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyeupe, inang'aa kama sahani, lakini mimi nilikuwa nimesikia watu wazima wakisema huko Uarabuni mtu anakaa ndani kwenye baridi ya mashine mpaka anatakata. Nikaona kweli, mama ametakata.

"Mama, shikamoo," nikamwambia. "Tumekuja na gari la mjomba. Nyanya hazimo, utakaa mbele."

Akaendelea kuangalia nje.

"Bibi hali. Ukifika umwambie ale. Na kuku wako yule mweusi ametotoa, ila paka amekula wawili, siyo mimi niliyeacha mlango." Nikamsogelea. "Mama, watu walikula pilau lako. Mimi nikakuwekea nyama moja, lakini ikanuka."

Nikamshika mkono. Ulikuwa mgumu, una baridi, katika lile joto lote. Nikauvuta ili anigeukie.

Mkono ukatoka.

Ukatoka wote, kutoka kwenye kiwiko, ukabaki mkononi mwangu na vidole vyake vitano. Hakukuwa na damu. Mama hakusema hata "aa". Nikajaribu kuurudishia. Wallahi nilijaribu, haraka, kabla bibi hajaona, naukandamiza pale kwenye shimo la mkono wa gauni, nasema samahani mama, samahani mama. Na uso wake ukageuka kwa ule msukosuko, nikamuona kwa mbele. Hakuwa na macho. Yalikuwa yamechorwa.

Mimi kelele zangu najua zilifika Dodoma. Mpaka leo nikijisifia nasema bunge lilisimama.

Mjomba alifika wa kwanza, akasimama tu, mikono inaning'inia. Bibi alikuwa ameshika siti. Kijana wa tai akawa anasema, "Mtoto hajambo, ni sanamu tu, ni zile za dukani za kuvalisha nguo, tunaziweka ili watu waone abiria walivyokuwa wanakaa." Alikuwa anamwambia mjomba. Kwangu mimi hakuna aliyesema neno. Watu wazima wote walikuwa wananiangalia na wote wanatafuta pa kunipapasa.

Bi Chausiku akawapangua. Akachuchumaa kwenye ile njia nyembamba, magoti yake yakalia kama kuni. Akauchukua ule mkono kutoka kwangu, akauweka chini, akanishika mashavu.

"Hawa, nitazame. Mimi nani?"

"Bi Chausiku."

"Mimi nani kwenu?"

"Mtani."

"Mtani anafanya nini?"

"Anatukana."

"Haya. Leo nakutukana tusi kubwa kuliko yote niliyowahi kuwatukana. Mama yako amekufa. Amekufa kulekule, wamemzika kulekule, na harudi. Hukumvunja wewe. Huyu ni mdoli."

Nikamngojea acheke. Ndivyo alivyokuwa, anakutupia neno la kukuua halafu anacheka mpaka anakohoa, na wewe unajua ilikuwa utani. Nikamwangalia mdomo. Nikangoja. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye pua, linadondoka kwenye gauni langu, na alikuwa hajacheka. Nikamsaidia mimi. Nikacheka kidogo, nimwanzishie. Akanivuta kifuani akanibana mpaka nikasikia moyo wake unavyokwenda. Hapo ndipo nilipojua.

Bibi hakungoja zaidi. Akapiga magoti kwenye zulia, akatoa lile fagio jipya, akaanza kufagia. Anafagia chini ya siti, anasogea, anaita kwa sauti ndogo kama mtu anayeita mtoto aliyejificha: "Zuhura. Zuhura mwanangu. Twende nyumbani."

"Mama, samahani, hairuhusiwi," kijana akasema. "Usafi tunafanya wenyewe."

Bi Chausiku akamgeukia juu ya kichwa changu. "Mngekuwa mnafanya, hilo vumbi lingetoka wapi? Mwache mwenzio."

Mjomba akamvuta kijana pembeni, akamweleza taratibu. Nilikuwa nawaona. Yule kijana akashusha mabega, akavua ile sura ya kazi. Alikuwa na moyo mzuri, ndiyo sababu akaharibu. Alitaka kufariji.

"Poleni sana, jamani," akasema. "Kwa hiyo dada alikwenda Uarabuni. Sasa mzee, ngoja niwaambie ukweli msije mkahangaika bure. Hii haijawahi kutoka nje ya nchi. Hii ilikuwa ya Mwanza na Kilimanjaro tu. Na wakati dada yenu anaondoka, hii ilikuwa imeshaegeshwa muda mrefu, hata matairi yalikuwa chini."

Fagio likasimama.

Ndani ya lile dege ungesikia chawa anapiga chafya. Mjomba Shomari alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Shomari," bibi akasema bila kugeuka.

"Naam, mama."

"Ulijua?"

"Nilitaka ulale, mama." Akapangusa macho. Mtu mzima, ana ndevu. "Nilitaka ulale tu."

Bibi alibaki pale amepiga magoti. Mbele yake kulikuwa na kijilima cha vumbi, ukubwa wa ngumi ya mtoto, na nywele ndani yake, na kifungo cha shati, na ganda la pipi. Alikiangalia mpaka nikadhani na yeye amekuwa sanamu.

"Kijana," bibi akasema mwisho. "Humu walikaa watu?"

"Wengi sana, mama."

"Na wote wamerudi makwao?"

Kijana akafikiri. "Hilo sijui, mama."

"Basi." Akaitandaza ile bafta, akakisukumia kile kijilima chote, na kifungo chake, na nywele zake. Akaifunga fundo. "Kama huyu si wangu, ni wa mwenzangu. Nitamzika huyu wa mwenzangu. Na huko alikolala Zuhura, kama Mungu ananiona, kuna mama wa watu anapita, anamng'olea majani."

Mjomba akageukia dirishani. Baadaye sana, mimi nimekuwa mkubwa, ndipo aliponiambia kilichomliza pale. Kule ni mchanga mtupu. Hakuoti majani. Lakini hakumwambia bibi, na bibi alikufa hajui.

Tulipofika kwenye Canter nikapanda nafasi yangu ya katikati. Bibi akanishusha. Akaliweka lile fundo jeupe pale kwenye siti, akalizungushia kitenge lisidondoke. Mimi nikapelekwa nyuma na Bi Chausiku. Nilimwambia mama atakaa mbele, na kweli alikaa mbele. Nililichukia lile vumbi, nisiseme uongo. Njia nzima nililiangalia kwenye kioo cha nyuma limekaa kwenye nafasi yangu kama mtu mwenye heshima zake, na sisi tunarushwa huku kama viazi, Bi Chausiku amenipakata, upepo unampeperusha kanga.

Mlimani gari lilifika linapofika, tukashika njia kwa miguu. Bibi alilibeba fundo mgongoni kwa mbeleko, kama kichanga. Makaburini watani walikuwa wameshachimba, na walichimba kaburi la mtu mzima, urefu wote wa mama yangu, kwa ajili ya vumbi linaloweza kuingia kwenye kikombe cha kahawa. Lile shimo jekundu, na kale kafundo chini. Unaona kabisa nafasi yote iliyobaki.

Kabla hawajafukia, Bi Chausiku akaruka ndani. Ndiyo kazi ya mtani, anazuia. Akajilaza ubavuni kwa fundo, akakunja mikono.

"Sitoki! Huyu aliniahidi doti ya kanga kutoka Uarabuni. Nitalala naye humu mpaka alipe!"

"Toka, Chausiku," wazee wakasema, ndiyo inavyotakiwa.

"Sitoki! Muulizeni mwenyewe!" Akasimama mlemle shimoni, akajifunga kanga kiunoni upande mmoja kama mama alivyokuwa anafunga. Akaupinda mguu kidogo kama mama alivyokuwa anaupinda. Na akaanza kusema kwa sauti ya mama. Sijui nikuelezeje. Nyembamba, ya puani, ina haraka, inapanda mwishoni. Akamgombeza mjomba kwa kurudi amelewa. Akamnung'unikia bibi chumvi ya mboga. Watu walikuwa wameshaanza kucheka, wanashikana mabega, bibi naye akacheka, mara ya kwanza tangu turubai, anacheka na machozi yanaingia mdomoni. Halafu Bi Chausiku akageuka huku na huku kama anatafuta mtu, akaweka mkono juu ya macho, akaita:

"Hawa! We Hawa! Mtoto huyu yuko wapi? Njoo ule!"

Nikaitika. Kwa nguvu, mbele ya watu wote, nikakimbia mpaka ukingoni. Wakanidaka. Wakacheka mpaka wakaishiwa, nami nikacheka nao, halafu wakamvuta Bi Chausiku juu wakaanza kufukia.

Picha ya mama ninayo moja, sura nimeishika. Kutembea kwake nakumbuka. Lakini sauti yake imenitoka, sijui ilinitoka lini. Nikijikalia peke yangu nikamtegea sikio mama yangu aniite, anayeniita ni Bi Chausiku, yuko shimoni, udongo mwekundu magotini, anaigiza. Ya mama mwenyewe sina. Huwa naitika hiyohiyo. Abee, mama.